Meza ya Miche

Karibu na Limuru, mahali ambapo baridi ya asubuhi hukawia kuondoka hata jua likiwa limekwisha panda, yuko bibi mmoja ambaye kazi yake ni kuotesha miche na kuiuza kando ya barabara. Kazi hii aliianza zamani, wakati mumewe alipokuwa karani wa ghala mjini Nairobi, akirudi nyumbani mwisho wa juma tu. Kwa miche hiyo watoto wanne wamesomeshwa, maana mshahara wa karani una desturi ya kwisha kabla ya mwezi, na jambo hilo si geni kwa mtu yeyote aliyepata kuwa karani. Mumewe alipostaafu mwishoni mwa mwaka 2021, alikuta nyumba inayojiendesha yenyewe. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, na kila kazi ilikuwa na mtu wake; aliyekosa mahali na kazi ni yeye.

Mtu anunuaye mche hutazama jani lake na urefu wake, akauliza bei, akaenda zake. Ni wachache wajuao kazi iliyotangulia. Kila mche wataka kiriba chake cha plastiki, na kila kiriba chataka kujazwa udongo kwa mkono. Bibi huyu huchanganya madebe matatu ya udongo mweusi wa juu, debe moja la samadi iliyooza vizuri, na debe moja la mchanga ili maji yasituame. Mchanganyiko huo huchekechwa kwa wavu, kisha hujazwa kidogo kidogo, huku kiriba kikigongwa-gongwa chini ili pasibaki nafasi tupu katikati. Kikijaa, hutobolewa tundu kwa kijiti, na mche mdogo kutoka kitaluni huingizwa humo, wala mzizi wake usipindwe. Mzizi uliopindwa siku hiyo huendelea kupinda hata mti unapokuwa mkubwa, na mti wa namna hiyo huweza kuangushwa na upepo miaka mingi baadaye, wakati ambapo aliyeupinda amekwisha sahau. Hayo yote hufanywa mtu akiwa ameinama, au amepiga magoti juu ya gunia, tangu asubuhi hata jioni.

Sehemu zile si ngeni kwa habari za miche. Muguga, ambayo si mbali, ndipo Richard St. Barbe Baker, aliyekuwa afisa wa misitu, alipoanzisha chama cha Watu wa Miti pamoja na Wakikuyu mwaka 1922; na ndipo yalipo makao makuu ya taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya hata sasa. Tena, tangu Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, wanawake wa vijijini wameotesha miche ndani ya makopo ya zamani na chochote kingine kiwezacho kushika udongo. Habari hizo husimuliwa kwa idadi ya miti iliyopandwa, na ni haki kuisifu. Migongo iliyoinama haikuhesabiwa.

Mgongo wa bibi huyu ulianza kulalamika mapema mwaka 2023. Kwanza alidhani ni baridi, akajipaka mafuta ya kuchua. Baadaye akawa hawezi kuinuka asubuhi ila kwa kushika ukingo wa kitanda. Daktari alimpima, akampa vidonge, kisha akamwambia jambo ambalo ni rahisi kulisema ukiwa umeketi kwenye kiti: asiiname tena. Bibi alimshukuru, akarudi nyumbani, akainama. Angefanyaje? Mwezi wa Novemba mwaka ule serikali ilitangaza tarehe 13 kuwa siku ya mapumziko ili watu wote wapande miti, na miche yote iliyokuwa tayari ikanunuliwa. Kisha shule mbili na chama kimoja cha wanawake wakaagiza miche 6,000 kwa ajili ya mvua za masika za 2024. Malipo ya kwanza yalikwisha pokelewa, nayo yalikwisha tumika, maana mtoto wa mwisho alikuwa bado yuko chuoni.

Hapo ndipo mzee alipopata nia ya kutengeneza meza. Hakumwambia mkewe. Fedha alizotoa zilikuwa masalio ya kiinua mgongo chake, yaani ile zawadi ya kustaafu. Na ikiwa lugha ya Kiswahili iliwahi kupata nafasi ya kutimiza maneno yake, nafasi hiyo ndiyo hii.

Alikwenda penye wauza mbao. Tangu Februari mwaka 2018, serikali ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na kisha kuendeleza katazo hilo kwa miaka kadhaa, mbao zilikuwa zimepanda bei, na mzee alishangaa kama mtu aliyelala usingizi mrefu. Alitamani mtarakwa, ambao ni mti wa asili wa milima ya Kenya na ambao mchwa huuogopa. Nguzo zake huweza kusimama ardhini miaka mingi bila kuliwa. Lakini mtarakwa sasa ni haba, na bei yake si ya mtu aliyestaafu. Alionyeshwa mgrevilea, mti uliotoka Australia na kuenea katika mashamba mengi kuliko hata ile ya wenyeji, akaonyeshwa na saipresi, ambao asili yake ni Mexico na nchi za jirani. Alichagua saipresi kwa kuwa ni nyepesi, hukatika vizuri kwa msumeno, na harufu yake ni njema. Muuzaji aliapa kwamba mbao zilikuwa kavu. Mzee alizinyanyua, akaziona nzito, akajua kiapo kile kimelowa. Alizinunua hivyo hivyo, akazipanga nyuma ya nyumba chini ya paa, vijiti vikiwa katikati ya kila ubao na mwenziwe ili hewa ipite, akazingoja wiki tatu. Ubao mbichi ukipigiliwa hujikunyata ukikauka, na hujikunyata kwa upana, si kwa urefu. Mianya hufunguka na misumari hulegea.

Meza yenyewe haikuwa kitu cha ajabu. Urefu futi 4, upana futi 2. Miguu minne ya inchi 3 kwa 2, na vipande vya unene huo huo kuizunguka juu na chini. Juu mbao nne za inchi 6 kwa 1, ambazo kati yake huachwa mwanya wa unene wa msumari ili maji yashuke. Pande tatu za juu huzungushiwa ubao uliosimama, ili udongo usimwagike kila usukumwapo. Upande wa nne, anaposimama mfanya kazi, huachwa wazi. Chini kabisa huwekwa rafu ya mabanzi, kwani hapo hakuna haja ya uzuri, panawekwa madebe tu. Nyuma hupigiliwa ubao mmoja wa mshazari kutoka pembe ya juu hata pembe ya chini ya pili. Watu wengi huuacha ubao huo kwa kuuona hauna kazi. Debe moja la udongo wenye maji ni mzigo wa kutosha kumchosha kijana, na meza ikibebeshwa matatu au manne bila mshazari, huanza kuyumba, na baada ya mwezi huegemea upande mmoja kama mlevi.

Jirani yake, fundi seremala, alimwazima msumeno, randa na nyundo, akamwazima na maneno. Alimwambia kuwa msumari uwe na urefu mara tatu ya unene wa ubao unaopigiliwa. Alimwambia agonge ncha ya msumari kidogo iwe butu kabla ya kuupigilia karibu na mwisho wa ubao, kwa maana ncha kali huupasua ubao kama kabari, lakini ncha butu huzikata nyuzi na kupita. Alimfundisha pia kuhakikisha pembe bila chombo chochote: pima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na ikiwa kutoka alama hii hata ile ni futi 5 kamili, pembe ni sawa. Mzee alilipenda jambo hili la mwisho kuliko yote. Aliandika katika daftari.

Kimo cha meza ndicho kilichobaki. Fundi alisema, mtu asimame wima, akunje mkono, na meza iwe chini ya kiwiko kwa upana wa kiganja au zaidi kidogo. Ikiwa chini mno mgongo huinama, na ikiwa juu mno mabega hupanda. Basi mzee akasimama penye ukuta, akakunja mkono wake, akaweka alama, akapima. Inchi 38. Akakata miguu. Ncha za chini akaziloweka siku mbili katika oili chafu ya magari, apate kuwazuia mchwa.

Ilipokuwa tayari aliisimamisha kando ya kitalu alfajiri, mkewe akiwa bado jikoni, kisha akamwita. Bibi alikuja akifuta mikono kwa kanga. Aliizunguka mara mbili, akaipapasa juu, akautazama ule ubao wa mshazari. "Mzee," akasema, "hii umeifanya kwa mikono yako?" Hakusema zaidi, lakini siku ile chai ililetwa pale pale penye meza, na hilo lilikuwa jambo ambalo halijapata kutokea.

Kwa kuwa karani hafi ukarani wake, mzee alianza kuhesabu. Zamani mkewe alipokuwa na afya alijaza viriba mia nne kwa siku. Alipoanza kuumwa alishuka hata mia moja na kitu. Siku ya kwanza ya meza alijaza mia mbili na hamsini, na mzee akaandika katika daftari kwa furaha. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tano mia mbili. Siku ya nane mia moja na sitini. Mzee hakuelewa. Jioni moja alipotoka dukani kwa njia ya nyuma, aliona gunia la kupigia magoti limetandikwa chini na udongo umemwagwa juu yake kama zamani, na meza imesimama peke yake, vikopo vitupu vikiwa juu yake.

Jambo hili lilimchoma. Hakulisema, siku mbili alikula chakula chake kwa ukimya, na mkewe naye, kwa kumjua, akanyamaza. Alifikiri kwamba kazi yake imedharauliwa. Alifikiri zaidi ya hapo: kwamba pale nyumbani mambo yamekuwa yakienda bila yeye kwa miaka mingi, na kwamba yataendelea kwenda hivyo. Mtu aliyestaafu ana nafasi nyingi ya kufikiri, na si kila mara jambo hilo humletea faida.

Siku ya tatu alikwenda Limuru kwa shughuli, akarudi mapema kuliko alivyosema. Mkewe alikuwa penye meza. Alikuwa amesimama juu ya mawe mawili, jiwe moja chini ya kila mguu, mabega yamepanda karibu na masikio, akijaza viriba mbio mbio kama mtu anayeiba. Kila alipotaka kuchukua udongo kutoka chini ilimbidi ashuke, aokote, apande tena. Katika kushuka jiwe moja likageuka, naye akajishika penye ukingo wa meza, akabaki hivyo kitambo, macho yamefumbwa.

"Mama," mzee alisema, "kumbe ni ndefu."

Bibi aligeuka. "Ni ndefu kidogo tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Mzee? Ulikuwa ukija kuitazama kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai."

Mzee aliketi juu ya debe. Kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa amepima magunia ya watu wengine, akiandika ratili na kilo, wala hakupata kukosea hata akaitwa ofisini. Mkewe, aliyekuwa akimfikia begani tangu siku ya arusi yao, hakumpima.

Kesho yake alikata kijiti cha mgrevilea, akakinyosha kwa kisu. Akamwambia mkewe asimame penye ukuta wa ghala ya mahindi. Bibi aliona haya, maana watu walikuwa wakipita barabarani, na si desturi ya wazee kupimana mchana. Alikunja mkono, mzee akashusha upana wa kiganja, cha mkewe, si chake, akakata kijiti pale pale. Hakutumia futi kwanza. Baadaye alipokipima kwa ajili ya daftari kilikuwa inchi 33.

Meza ikapinduliwa. Mzee alikuwa amekusudia kukata inchi 5 kutoka kila mguu, na alikwisha piga mistari, mkewe alipouliza, "Na mawe?" Kwa kuwa ncha zilizolowekwa oili zilikuwa zikiondoka, ilikuwa imekubaliwa kwamba miguu itasimama juu ya mawe bapa ili isiguse udongo na mchwa wasipande bila kuonekana, na fundi naye alisema kuwa oili karibu na miche haikuwa busara tangu mwanzo. Mawe hayo yalikuwa na unene wa inchi 2. Kama asingeuliza, meza ingebaki ndefu kwa inchi 2, na pengine angepanda tena juu ya kitu na kunyamaza tena. Mistari ikafutwa, ikapigwa mingine kwenye inchi 7, ikipimwa kutoka juu ya meza kushuka, wala si kutoka ncha za miguu, kwa kuwa ncha hazikuwa sawa tangu awali.

Lakini miguu haikuwa taabu peke yake. Rafu ya chini, iliyokuwa inchi 8 kutoka ardhini, sasa ingekuwa inchi 3, na mvua ya Limuru hurusha matope zaidi ya hapo. Ilibidi ing'olewe na kupandishwa. Atengenezaye kitu hapendi kung'oa misumari yake mwenyewe. Misumari mitatu ilikatika vichwa, na ubao mmoja wa mbele ulipasuka tangu mwisho hata mwisho. Mzee akatupa nyundo, akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuta mkewe amekwisha chagua banzi jingine katika lundo, ameliweka mahali pake, naye analishikilia. Alipigilia, yeye akashika. Matundu ya zamani yalizibwa kwa vipande vya mti vilivyochongwa, ili maji yasiingie na kuozesha. Hata leo atazamaye miguu ya meza ile huona alama hizo nane, kama makovu ya ndui.

Iliposimamishwa, ilitikisika. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kwa unene wa kucha. Mzee alitaka kukata mingine mitatu, lakini fundi, aliyekuwa amekuja kudai randa yake, alicheka, akasema kuwa ameona meza nyingi zilizokwisha kwa namna hiyo, zikikatwa mguu huu na ule mpaka zikawa vigoda. Wakasaka jiwe nene kidogo, na shauri likaisha.

Bibi alijaza viriba mia tatu na arobaini siku ya kwanza. Mzee aliviandika. Mgongo haukupona, wala haukuahidiwa kupona. Lakini aliweza kuinuka kitandani bila kushika ukingo, na jioni aliweza kusimama penye jiko. Mzee naye alipata kazi ambayo haikuwa na mwenyewe: alichekecha udongo, akajaza madebe na kuyapandisha juu ya rafu kabla mkewe hajafika, ili asiwe na haja ya kufika chini hata mara moja. Penye meza yenyewe hawezi kusimama muda mrefu, kwani kwa kimo chake ni fupi, na akijaribu kiuno humwuma.

Mvua za mwaka 2024 zilikuja, na kila mtu katika Kenya anazikumbuka, kwa maana mwezi wa Aprili na Mei ziliua watu, zikabomoa nyumba na kukata barabara katika sehemu nyingi. Kitalu cha bibi hakikusalimika. Maji yaliteremka kutoka mteremko wa juu usiku mmoja, yakapita katikati ya safu za viriba zilizopangwa chini, yakachukua mia nne na zaidi na kuzifukia kwa matope. Meza ilibaki imesimama juu ya mawe yake, na miche ya saipresi iliyokuwa juu yake na juu ya rafu haikuguswa. Walishinda juma zima wakichimbua viriba kutoka matopeni, yeye akichimbua na mkewe akivisafisha na kuvijaza upya pale juu, na mwishoni mwa Mei miche ya shule na ya chama ilipelekwa, pungufu kidogo, na waliopungukiwa walikubali kungoja mvua za vuli.

Vipande vinane vilivyobaki, vya miguu na vya rafu, bibi alitaka kuvichoma jikoni. Mzee alimkataza ile minne yenye oili, kwa ajili ya moshi wake. Sasa inashikilia kibanda cha kuku. Kile kijiti cha mgrevilea kimetundikwa ghalani kwenye msumari.

Mwezi wa Julai mama mmoja wa chama kile, ambaye naye ana kitalu chake, alikuja kuitazama meza, akauliza kama mzee angeweza kumtengenezea ya namna ile. Mzee hakujibu. Aliingia ghalani, akatoka na kijiti kingine kirefu kisichokatwa na kisu, akamwomba asimame penye ukuta na kukunja mkono. Mama yule alimtazama mwenye nyumba kwa mshangao.

"Simama tu," bibi alimwambia, "na viatu uvivue, kama hutavivaa kazini."